Koo la Mjomba Cyril

Kwetu, mtu akiacha kula karibu na siku ya karamu kubwa, haulizwi kitu. Ukimwona kasukuma sahani, wewe unaondoa sahani na maisha yanaendelea. Anajiandaa huyo. Asubuhi anaoga mtoni, maji ya baridi ya kung'oa ngozi, anaomba, ananyamaza, na kazi yako ni kutomsumbua. Kwa hiyo Jumatano ile Mjomba Cyril alipolisogeza bakuli la supu, Anti Velma mkewe alilichukua akanipa mimi, nami nikailamba supu yote, na hakuna aliyesema neno.

Mjomba ni msemaji wa chifu. Chifu wetu hasemi mwenyewe kwenye karamu. Anakaa pale mbele na blanketi lake begani, mdomo kaufunga, na msemaji ndiye anayesimama kusema kila kitu kwa niaba yake. Jumamosi ile chifu alikuwa anampa mjukuu wake jina, jina zito, la kutoka kwa mama yake chifu, na wageni walikuwa wanakuja kutoka vijiji vya pwani nzima. Msemaji anatakiwa ataje jina lilikotoka, lilipita kwa nani na nani, lote kwa lugha yetu, bila kukosea, huku wazee wa vijiji vingine wamekaa wanasubiri akosee. Kijijini kwetu aliyebaki anayeweza hilo ni Mjomba tu. Mimi naweza kama robo. Nikisimama mimi, ile siku ingekumbukwa kwa sababu zingine kabisa.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu lugha yetu. Sisi Nuu-chah-nulth, wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada, tuna sauti zinazotoka chini kabisa ya koo, kule nyuma ya mzizi wa ulimi, kwenye koromeo, mahali ambapo watu wengi duniani hawapitishi kitu isipokuwa chakula. Waarabu wanazo, Wasomali wanazo. Nilipokuwa nasoma isimu chuoni Victoria, kabla mimi na chuo hatujachokana, darasa zima tulioweza kuzitoa tulikuwa wawili, mimi na jamaa mmoja wa Iraki. Mwalimu alikuwa anatusimamisha mbele kama vyura wa maabara. "Elroy, kaza koromeo." Nakaza. Wenzetu wanajaribu, wanatapika nusu. Nilirudi kijijini bila cheti na tangu siku hiyo naitwa Profesa, hata na watoto, na wanalitamka jina hilo kwa namna ya kukufanya utamani kuwapiga kofi.

Lakini hata sisi vijana wa hapa koo zetu ni za kivivu. Tunazigusa zile sauti juu juu, hatushuki. Ndiyo maana Jumatano jioni, Mjomba alipofanya mazoezi ya hotuba sebuleni, watu walitulia. Sauti ilikuwa imezama. Nzito, ya chini, kama inatoka ndani ya pipa. Anti Velma alifuta macho na taulo la jikoni.

"Anaongea kama marehemu baba yake," akasema. "Hivyo hivyo. Wazee walikuwa wanaongea hivyo."

"Koo limefunguka," nikasema mimi, Profesa.

Nikamrekodi kwenye simu. Alhamisi nikaipeleka rekodi shuleni, kwenye kipindi ninachofundisha lugha yetu, nikawaambia watoto, sikilizeni, hivi ndivyo inavyotakiwa, shukeni mpaka chini. Wakashuka. Darasa likawa kama bwawa la vyura. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akaufunga tena taratibu.

Ijumaa asubuhi nikapita kwa Mjomba kumwona. Anti alikuwa jikoni na beseni za viazi vya karamu. Mjomba alikuwa sebuleni, amekaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti, shingo kaivuta mbele na kidevu kakiinua, kama mtu anayenusa kitu. Miguuni pake kulikuwa na kopo la kahawa. Televisheni ilikuwa inarudia mechi ya magongo ya barafu.

"Punguza hiyo," akaniambia.

Aliniambia kwa Kiingereza. Na Kiingereza hakina sauti hata moja ya kule chini. Hata moja. Ni lugha ya mdomoni, ya meno na midomo, koromeo linalala usingizi. Lakini uzito ulikuwepo. Maneno mawili ya Kiingereza na yote mawili yametoka ndani ya pipa.

Nilicheka kwanza. Nilidhani ananitania. Halafu nikaona hacheki.

"Mjomba, rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Kwa Kizungu."

"Unanipa mtihani, Profesa? Wewe mwenyewe ulifeli." Ilitoka kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Akainama, akatema mate ndani ya kopo. Nikachungulia. Kopo lilikuwa karibu kujaa, na yalikuwa mate tu.



"Meza mate, Mjomba. Nione."

Akaniangalia. Hakumeza. Akatema tena.

"Basi lala kidogo hapo kwenye kochi, upumzike."

"Nikilala nakosa hewa," akasema. Alisema kama mtu anayekwambia nje kuna mvua. "Nimekaa hivi tangu jana."

Anti Velma akatokea jikoni na kisu cha viazi mkononi. "Elroy, mwache mjomba wako. Anajiandaa."

"Anti, hajiandai. Hawezi kumeza."

"Nani kakwambia?"

"Muulize."

Hakumuuliza. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama magongo. Waliooana muda mrefu hivyo hawahitaji kuulizana. Kisu kikawekwa juu ya televisheni. "Cyril," akasema kwa sauti ndogo sana. "Simama twende."

"Kesho ni karamu."

"Simama."

Zahanati yetu ina nesi mmoja, Bronwyn, mzungu wa mbali, mwenye mkono mwepesi na mdomo mkali. Alimwangalia Mjomba kuanzia mlangoni na akaacha kutabasamu. Hakumpeleka kitandani. Alimkalisha kwenye kiti na kumwambia akae vile anavyotaka mwenyewe. Nikamwambia amwangalie kooni. Alikataa. Hata kile kijiti cha kubonyezea ulimi hakukigusa. Alipima joto, alimwambia ageuze shingo, shingo ikakataa kugeuka. Aliweka sikio karibu na kidevu chake akasikiliza, na mimi nikasikia anachosikiliza: kila Mjomba alipovuta pumzi kulikuwa na mluzi mwembamba ndani yake, kama upepo kwenye ufa wa dirisha.

Akanivuta nje kwenye veranda.

"Wiki hii alipaliwa na kitu?"

Nikakumbuka Jumapili. Supu ya vichwa vya samaki, Mjomba anakohoa, sisi tunampigapiga mgongoni tukimwambia avae miwani kabla hajala kichwa cha mwenzake. Mwishoni akanywa maji, akasema kimeshuka.

"Mfupa," nikasema.

"Mfupa umechoma ukuta wa nyuma wa koo, na nyuma ya ukuta nadhani kumetunga jipu. Jipu linausukuma ukuta mbele. Njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba. Sasa hivi anapumulia kitu kama mrija wa soda."

"Na jipu likizidi?"

Alikuwa ameshashika simu. Kwetu barabara haifiki. Helikopta haiwezi, wakamwambia, ukungu umelala mpaka kwenye maji. Boti ya uokoaji iko kusini inavuta meli ya uvuvi. Nikasikia akisema sawa, sawa, tunakuja wenyewe. Akakata simu akanigeukia.

"Nani ana boti ya haraka?"

"Hudson."

"Binamu yako Hudson?" Alifunga macho kidogo. "Sikiliza, Elroy. Mgonjwa anakaa, halali, hata akiomba. Hali, hanywi, haongei. Asistuke, asilie. Na asicheke. Akicheka koo linaweza kuziba moja kwa moja na sitaweza kufanya kitu ndani ya boti. Nawajua ninyi. Mwambie na Hudson."

Ukoo wetu sisi ni watu wa utani. Mazishi yetu watu wanatoka wameshika mbavu. Mjomba Cyril mwenyewe aliwahi kumchekesha padri kanisani mpaka mkate mtakatifu ukaanguka. Sasa nenda ukamwambie Hudson asitanie.

"Hata kidogo?" Hudson akauliza, injini ishawaka.

"Hata kidogo."

Alinitazama usoni, akavaa kofia yake akageuka mbele.

Anti Velma alibaki gatini. Nesi alimwambia boti ni ndogo, lakini sababu ya kweli ni kwamba alikuwa ameanza kulia, na Mjomba hatakiwi kuona mtu akilia. Alisimama pale na taulo lake la jikoni, ukungu ukammeza, akabaki rangi, halafu akawa hayupo.

Mjomba alikaa katikati, nesi mbele yake na chupa ya oksijeni, mimi nyuma nimemshika mabega asije akaegemea. Kupitia koti nilikuwa nasikia anavyofanya kazi. Kupumua ni kitu unafanya bila kujua, lakini yeye alikuwa anakifanya kwa mikono, kwa mabega, kwa shingo, kama mtu anayevuta maji kisima kirefu. Mluzi ulikuwa unaenda na kurudi. Nilijikuta nausubiri. Ukichelewa kidogo na mimi sivuti pumzi.

Maji ya kwetu yana magogo yanayoelea, yaliyotoroka kwenye biashara za mbao. Ndani ya ukungu huyaoni mpaka yako mdomoni. Hudson alikuwa anaenda mwendo wa kasi, halafu anapunguza ghafla, anakwepa, anaongeza tena. Sijawahi kukaa na Hudson mahali akanyamaza, na ukimya wake ulinitisha kuliko magogo.

Kisha nikasikia kitu kingine chini ya injini. Mjomba alikuwa ananong'ona. Nikainama. Ilikuwa hotuba. Jina, na mama wa mwenye jina, na kijiji chake, na nyumba yake. Alikuwa anafanya mazoezi ya kesho.

"Asiongee," nesi akasema.

"Mjomba, usiongee."

Akaacha sauti, midomo ikaendelea.

Karibu na mdomo wa ghuba wimbi likatupiga ubavuni. Si kubwa, lakini maji ya chumvi yalimrukia usoni, akastuka, akakohoa mara moja. Mluzi ukakatika.

Nilisubiri urudi. Mabega yake yalipanda, yakabaki juu, hayakushuka. Nesi alikuwa amemshika kidevu kwa mikono miwili, amekivuta mbele, anamwangalia machoni, anamwambia polepole, polepole. Hudson alizima injini bila kuambiwa. Boti ikawa inayumba tu, kimya, na ndani ya kimya chote hicho hakukuwa na ile sauti moja niliyokuwa naitafuta. Nikaanza kumwomba Mungu kwa lugha zote mbili nizijuazo.

Ukarudi. Mwembamba zaidi.

"Endesha," nesi akasema. Hudson hakuuliza kuhusu magogo tena.

Hospitali ya mjini ni ndogo lakini walikuwa wanatusubiri mlangoni. Daktari Pelletier, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, alimwingiza Mjomba na kiti chake hivyo hivyo alivyokaa. Alipotaka kunitoa, Mjomba alinishika mkono wa koti, akakaza. Daktari akauangalia ule mkono.

"Wewe ni nani wake?"

"Mpwa wake."

"Utaweza kusimama bila kuanguka?"

"Ndiyo," nikasema. Uongo.

Alinieleza haraka. Hawawezi kumpa usingizi kwanza, maana akilala misuli ya koo inalegea na njia inajifunga. Lazima bomba lipite akiwa macho. Watampulizia dawa ya ganzi, wapitishe kamera nyembamba kama tambi kupitia puani, bomba likiwa limevishwa juu yake, mpaka kwenye nyuzi za sauti na chini yake. Likishapita, ndiyo wanamlaza na kulikamua jipu.

"Lisipopita?"

Alielekeza kwa macho. Daktari mwingine, kijana mrefu, alikuwa amepiga magoti mbele ya Mjomba anamchora mstari wa wino kwenye shingo, chini ya koromeo. Mezani pembeni yake kulikuwa na kisu juu ya kitambaa cha kijani.

Kamera ikaingia. Picha ikaja kwenye skrini, na mimi nikaona mahali ambapo nimekuwa napaona kwenye vitabu kwa miaka, mchoro mweusi na mweupe wenye mishale: kimio, mzizi wa ulimi, epigloti, koromeo. Hapa hakukuwa na mishale. Kulikuwa na wekundu na mate. Ukuta wa nyuma ulikuwa umevimba kama mto uliojazwa kupita kiasi, umekuja mbele mpaka karibu uguse ulimi, na katikati kukabaki ufa. Mjomba mzima, mita karibu mbili, watoto wanne, majina ya ukoo mzima kichwani, alikuwa anaishi kwa ufa ule.

Halafu akaanza kuomba.

Kwa lugha yetu, kwa kunong'ona, macho kayatoa. Na nikaona kwenye skrini. Kila neno lililokuwa na sauti ya chini, mzizi wa ulimi ulirudi nyuma, epigloti, kile kifuniko cha njia ya hewa, ikalala, ufa ukajifunga. Giza jekundu. Ukafunguka kidogo. Neno lingine, ukajifunga. Mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni, iliyokuwa inalia tii, tii, ikaanza kushuka sauti.

"Anasema nini?" daktari akauliza bila kutoa macho kwenye skrini.

"Anaomba."

"Anachosema kinafunga njia. Siwezi kupita. Mwambie aache. Nataka aseme iii, ndefu, asiache."

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua kwa nini. Ukisema iii ulimi unaenda mbele na koromeo linafunguka. Ni somo la mwaka wa kwanza, hata mimi nilifaulu hilo. Tatizo halikuwa hilo.

Mjomba alichukuliwa kwa nguvu na serikali akiwa mtoto mdogo, akapelekwa shule ya bweni ya mapadri. Kule, mtoto akitoa sauti ya lugha yetu alikuwa anapigwa kwa mkanda wa ngozi, na aliyekuwa anapiga alikuwa anamwambia neno moja tu. Acha. Mjomba alinisimulia mara moja maishani, tena kama kichekesho, kwa sababu kwetu kila kitu kinasimuliwa hivyo, na nilicheka mpaka nikaona hajamaliza.

Niliinama sikioni mwake. Niliona afadhali nimwambie kwa lugha yetu.

"Mjomba, acha. Acha lugha yetu kidogo. Inakuziba."

Aligeuza macho akanitazama. Sitaelezea lile jicho. Halafu akaendelea kuomba.

Tii. Tii. Chini zaidi. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya zambarau. Daktari kijana alinyoosha mkono kwenye kitambaa cha kijani.

"Mjomba, tafadhali. Sema iii. Hivi. Iii." Nikaitoa mwenyewe, pua kwa pua naye. "Iii." Nesi Bronwyn, ambaye hakuwa ameondoka, akaidaka kutoka nyuma yangu. Daktari Pelletier naye, mikono yake haitikisiki, macho kwenye skrini. Watu wazima watatu tunapiga kelele ya mbu usoni mwa mtu anayekufa. Yeye anatuangalia. Kisu kiliinuliwa.

Mdomo wake ukafungika. Halafu midomo ikavutika pembeni, na ikatoka, ndogo, ya kutetemeka.

"Iii."

Kwenye skrini ulimi ukasogea, ufa ukawa mlango. Nyuma yake, chini, nikaziona nyuzi mbili nyeupe zinatetemeka kwa ile sauti.

"Endelea, bwana, endelea hivyo hivyo," daktari akasema, na mkono wake ukasukuma.

"Iii..."

Ikakatika. Katikati. Kama mtu kaizima kwa swichi.

Mdomo wa Mjomba ulikuwa bado umevutika, macho bado yako wazi, kifua kinasukuma, na hakuna kitu kilichotoka. Hata mluzi. Nilimshika mashavu, nikaita jina lake, sijui niliita kwa lugha gani. Nilidhani nimemwambia aache na ameacha.

"Mwachie," daktari akasema. "Imeingia. Bomba limepita katikati ya nyuzi, hawezi kutoa sauti tena. Ndivyo tunavyojua tumefika." Akanigusa mkono. "Angalia kifua."

Kifua kilipanda. Kikashuka. Mfuko wa hewa mkononi mwa daktari kijana ulijaa na kupungua. Mjomba alikuwa ananiangalia. Midomo yake ikasogea kuzunguka bomba, ikatamka kitu, na mimi niliyesomea midomo na ndimi za watu sikuweza kukisoma. Kisha wakampa dawa, macho yakajifumba.

Walikamua usaha wa kujaza kikombe. Mfupa walioukuta ulikuwa kama sindano ya kushonea vifungo. Nilimuuliza Daktari Pelletier kama sauti itarudi ilivyokuwa. Alisema bomba litakaa mpaka uvimbe upungue, na mambo ya sauti wataona wakishalitoa. Nikauliza tena, akasema vile vile.

Jioni Anti Velma akapiga simu. Nyuma yake nilisikia vyombo, watu, viti vinavyoburutwa. Wageni wa kwanza walikuwa wameshafika.

"Anaongea?" akauliza.

"Haongei, Anti."

"Chifu anauliza nani atasimama kesho."

"Mwambie asubiri."

"Watu wako hapa tayari, Elroy. Wengine wametoka mbali."

"Waambie wale viazi. Wacheze. Hakuna mjukuu aliyewahi kufa kwa kukosa jina wiki moja."

Mimi mwenyewe niliona si wakati wa utani. Nikasikia akitembea, mlango ukafungwa, kelele zikabaki upande wa pili.

"Anapumua?"

Nikaisogeza simu karibu na mashine pembeni ya kitanda, ile inayompulizia hewa, ikishuka na kupanda, na nikaishika pale. Mkono ukaanza kuuma. Nikabadilisha mkono. Anti hakukata.